Biira, Sikukuuza kwa Watu ya Mukutano

Hapana, Biira, sikukuuza. Kuuza ni kitu ingine, naijua, ndiyo kazi yangu tangu nikiwa kijana. Mutu akiuza mbuzi, mbuzi inaenda na mwenye pesa, yeye anabaki na kamba. Wewe kesho unaenda Kampala na miguu yako na sanduku yako, na hao watu ya mukutano wanabaki hapa Bwera. Sasa ni mbuzi gani hiyo inapanda gari peke yake na inaacha wanunuzi sokoni?

Uliniuliza wakati tunakula, "Baba, umeniuza kwa watu wangapi?" Mimi nikacheka. Ukasukuma bundu yako, ugali ya muhogo bado moto, samaki bado nzima kwa sahani, ukaingia ndani. Mama yako akaniangalia vile watu ya forodha wanaangalia mutu iko na gunia mbili na karatasi moja. Ndiyo maana naandika. Nikiongea, mudomo yangu inatafuta kicheko hata kama hakuna mutu ameiomba. Kwa karatasi haioni nani anacheka, labda itatulia.

Nimeandika herufi kubwa, mustari moja mbali na ingine, upande moja tu ya karatasi, vile mama mwalimu ya Kampala alisema ndiyo inakusaidia. Daftari inaisha haraka namna hii, lakini sawa. Soma pole pole. Ukichoka, acha, ushike tena kesho. Mutu anayesoma haraka angemaliza barua ya baba yake kabla gari haijafika Kasese, halafu angeangalia dirisha. Yako itakufikisha hata wiki ingine. Mimi sioni hasara hapo.

Mambo ya nguo, ya sabuni, ya kufunga mulango, na ya vijana ya Kampala, mama yako amekuambia yote. Yenye alisahau atakuambia kesho ndani ya gari mpaka dereva amuombe ashuke. Mimi sina nyongeza. Nataka tu ujue hii kitu ilitoka wapi na ilipita wapi, halafu uamue. Umenikasirikia kitu moja, na hiyo kitu iko na mikia mingi.

Nianze na miwani, juu miwani ndiyo biashara mbaya ya kwanza nilifanya kwa ajili yako.

Ulikuwa darasa ya tatu. Mwalimu alisema huoni ubao. Nikakupeleka soko ya Mpondwe, kwa ule kijana alikuwa anatembea na miwani zimefungwa kwa kipande ya mbao, zote zinaangalia watu. Tukajaribu moja, tukajaribu ingine. Kila mara nakupatia karatasi ya biskuti usome. Unanyamaza. Namwambia kijana alete yenye nguvu kidogo. Ile ya mwisho ilikuwa ya muzee kabisa, ukapiga hatua moja ukaanguka juu ya gunia ya maharage. Soko yote ikacheka, na mimi nilikuwa mbele yao. Ukasimama, ukafuta magoti, ukaniambia, "Baba, mimi naona vizuri. Naziona herufi zote. Haziniambii kitu, ni hiyo tu."

Jibu yote ilikuwa pale, Biira. Mutoto amenipatia jibu yote bure, barabarani, mbele ya maharage. Mimi nikarudi kwa yule kijana nikaendelea kupunguza bei ya miwani. Na niliipunguza vizuri sana, mpaka leo najisifu. Nilinunua kwa bei nzuri kitu hatukuhitaji.

Halafu nikakuhamisha shule, nikakupeleka bweni kule Munkunyu, kwa sababu watu walisema walimu ya huko wako na mukono. Ni kweli walikuwa na mukono, wa fimbo. Nilikuhamisha vile mutu anahamisha ng'ombe mwenye meno mabovu: majani mapya, meno ni ile ile. Kanisani pia wakakuombea. Mchungaji alikushika macho, mwingine akakushika kichwa, na wewe ulikuwa umefunga macho kwa adabu. Tukirudi nyumbani uliniimbia wimbo zote za ile siku, aya yote na namba zake, na ulikuwa umezisikia mara moja tu.

Hapo ndipo nilikosea hesabu. Kule Kyarumba, wakati wa kushusha kahawa ya bibi yako, ulikuwa unatembea na mufuko kwa kichwa, njia inateleza, na unasema somo yote ya wiki kama redio. Mambo ya mito, mambo ya damu inavyozunguka, na mambo ya mawe ndiyo zaidi. Hakuna jiwe tulipita bila kuambiwa imezaliwa namna gani. Nikafikiri hivi: mutu anashika vitu yote hii kwa sikio, sasa akishindwa kwa karatasi, anakataa tu. Ni uvivu. Ilikuwa hesabu safi, haina kosa hata moja, ila tu haikuwa kweli. Nimeona hesabu ya namna hiyo mingi sokoni. Ndiyo zinafilisi watu, juu zile chafu mutu anazirudia, hizi safi anazilalia.

Sekondari ulipita vile ulipita. Rafiki yako Kabugho alikuwa anakusomea kitabu kwa sauti, wewe unamufulia nguo, halafu unamuelezea mambo yenye yeye amesoma na hajaelewa. Nilipenda ile biashara. Kila mumoja alitoka na faida.

Mwalimu mupya ya sekondari, wa Kasese, ndiye alitupatia jina ya hii kitu. Alikuita, akakupatia vitu ya kusoma na ya kusikia, halafu akaniita mimi. Akasema disleksia. Nikafikiri ni dawa ya mbuzi. Akasema si ugonjwa, haiambukizi, si uvivu, na si upungufu ya akili. Ni kichwa inapitisha maandishi kwa njia yake, na mutu anazaliwa nayo. Nikamuuliza kama iko na sindano. Akasema haina sindano, iko na namna ya kufundisha tu, na watu wanaojua hiyo namna ni wachache, mumoja anayemujua yuko Kampala.

Ile safari ya Kampala unaikumbuka, lakini hukuwa ndani ya chumba wakati mama mwalimu aliongea na mimi peke yangu. Ulikuwa nje unaangalia mawe ya ukuta yao. Nilimuuliza kama utafeli univasiti. Niliuliza nikicheka, vile mimi nauliza vitu naogopa. Yeye hakucheka. Ni mutu anaongea pole pole kama ana muda ya kuuza. Akaniambia, "Mzee, hawa watoto wengi hawafeli. Wanachoka. Wanafanya kazi mara tatu ya wenzao kwa nusu ya matunda, hawamwambii mtu, halafu siku moja wanafunga sanduku wanarudi nyumbani, na nyumbani wanaambiwa ni pombe."

Nikarudi na hiyo neno moja ya pombe. Niliibeba mpaka Bwera. Utaona baadaye ilishukia kwa nani.

Kwa univasiti, wale ya ofisi ya wanafunzi walemavu walikuwa watu wazuri. Walikubali uongezewe muda kwa mutihani, juu uko na karatasi ya kupimwa. Lakini mwalimu ya kukaa na wewe kila wiki, wa kukuonyesha namna ya kukata kitabu vipande, namna ya kuchora kwanza yenye unataka kuandika, namna ya kutumia sauti na rangi, huyo hawana pesa yake. Pesa kidogo yenye iko inaenda kwa anayesoma na vidole, anayeongea na mikono, anayetembea na kiti, na hata hao haiwatoshi. Sikuona mutu ya kukasirikia pale. Ni kama kwenda kuomba chumvi kwa nyumba haina sufuria.

Nikaenda ofisi ya serikali ya Kasese, kuomba msaada ya walemavu. Yule bwana akaniuliza kama binti yangu ni kipofu. Nikasema hapana. Kiziwi? Hapana. Kiwete? Nikasema anacheza dansi. Akaniambia basi huo ulemavu hauonekani. Nikamwambia, "Hata malaria haionekani, bwana, na inalaza mutu." Akacheka mpaka akavua miwani, akaniambia mimi ni mutu wa maana sana, akanisindikiza mpaka mulango. Hiyo ndiyo kicheko yangu, Biira. Imenifungulia milango mingi, na mingine imenisindikiza nje.

Sasa mukutano.

Wewe unajua vile tunakula hapa nyumbani. Siku za soko natafuta komisheni Mpondwe, kahawa na mawese na chochote inavuka mupaka. Jumamosi naongoza mikutano ya michango ya harusi. Mutu akitaka kuoza mutoto, watu wanaketi kwa viti ya plastiki, soda iko, na mimi nasimama mbele kuwakamua. Ndiyo maana wananiita Afande. Simama. Toa. Ongeza. Hiyo ni ndogo, rudi kwa mustari. Mwenye simu yake inalia, faini. Mwenye anakwenda chooni, faini ya kwenda na faini ya kurudi. Na siri ya kazi ni moja: mutu hatoi kwa sababu kuna shida. Anatoa kwa sababu anaonekana akitoa. Yule bwana ya Kasese alinifundisha upande ingine ya hiyo siri bila kujua. Shida haionekani, basi na kutoa haionekani, nani atatoa?

Nikasema, hawa watu nimewaona wanatoa kwa ajili ya keki. Kitu inakatwa na kuisha kabla watu hawajaanza dansi. Basi nikaita mukutano. Nikatuma ujumbe kwa watu yote: Jumamosi, mukutano ya Biira wangu, nyuma ya duka ya soda. Sikuandika harusi. Sikuandika si harusi. Watu ya Bwera ni watu ya akili, wakajaza wenyewe.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako Kyarumba, unavuna. Mashangazi zako walikuja wamevaa gomesi zao za sherehe. Mumoja alileta kuku. Wakaniuliza bwana harusi ni wa wapi, nikasema mambo yote iko Kampala, na hiyo haikuwa uongo. Mama yako alikaa nyuma kabisa, ameshika kiti kama iko kwenye pikipiki. Na nilifanya kazi nzuri, Biira. Nilianza na Bwambale, mwenye pikipiki za stendi, kwa sababu Bwambale hawezi kuvumilia mutu amupite. Alitoa, wengine wakamufuata, mwingine akaongeza juu yake, Bwambale akasimama tena. Sanduku ya pesa ikajaa. Kwa mukutano ya mutu mwingine ningekuwa nimepata komisheni ya kujenga choo.

Halafu nikawaambia. Nikasema hakuna bwana harusi. Kuna mwalimu, na kuna hii kitu inaitwa disleksia, na pesa ni ya mwalimu.

Wakacheka. Walicheka sana, mashangazi wakashikana. Ndiyo ubaya ya kazi yangu. Nikarudia. Wakacheka kidogo. Nikarudia mara ingine, na hapo nikasikia friji ya soda inanguruma.

Bwambale akasimama. Nilikuwa nimetayarisha utani ya mutu mwenye hasira, niko nayo mingi. Lakini hakuwa na hasira. Aliongea kama mutu anauliza njia.

"Thembo, pesa ya harusi inazunguka," akasema. "Leo nakupatia ya Biira, kesho unanipatia ya mutoto wangu. Tumeishi hivyo. Hii ya kusoma itanirudilia namna gani?"

Watu wakasema ndiyo, ndiyo. Na ilikuwa swali ya haki. Wewe ukisoma namna ya kukata kitabu, Bwambale anapata nini? Utamukatia kitabu? Nikakumbuka ile kuku ya shangazi yako, ilikuwa imefungwa miguu chini ya kiti na inaniangalia. Nikaona tunaelewana.

Aliyeniokoa ni Mama Furaha, yule mama Mukongomani wa mawese, wa Kasindi. Yeye hakuwa hata mutu ya mukutano. Alikuja kwa ajili ya soda tu. Akamwambia Bwambale akae. Halafu akaniangalia mimi.

"Thembo, mimi niko na mutoto kule nyumbani. Batu banasema ni mujinga. Bei ya mawese ya soko yote iko nayo kwa kichwa, lakini jina yake kuandika, hapana. Ule mutoto nilimupigaka. Nilimupigaka sana. Ju ya nini haukusema hii kitu iko na jina?"

Bwambale bado alikuwa amesimama. Unajua kijana wake ya kwanza, Baluku, yule anaendesha pikipiki namba moja ya baba yake. Alienda univasiti, akarudi kabla mwaka haijaisha. Na Bwambale anamuita Profesa mbele ya abiria, watu wanacheka, kijana anawasha pikipiki. Miaka yote hiyo wanacheka. Mimi pia nimecheka, na mara ingine ile utani niliichukua nikaitumia kwa mukutano.

Akaniambia polepole, lakini watu yote walisikia, "Baluku wangu aliniambia vitabu zimemushinda. Nilisema ni pombe. Ni hii?"

Nikamwambia, "Sijui, Bwambale. Mimi si daktari."

Akaketi. Akaangalia funguo zake za pikipiki. Halafu akasema, bila kusimama, kwamba yule mudogo wa Baluku anafuata njia ile ile, walimu wanalalamika maneno ile ile. Basi pesa irudi hivi: Biira akija likizo, ile namna amefundishwa, akae na huyo mudogo amuonyeshe. Hapo itakuwa imezunguka.

Mama Furaha akasema na mutoto wake pia. Mwingine akasema na wa dada yake. Nimeongoza mikutano mingi, sijawahi kuona watu wanatoa namna hiyo. Kawaida mutu akitoa anaangalia pembeni kama wanamuona. Ile siku walitaja majina ya watoto yao wakiangalia chini, kama watu wanalipa faini. Hakuna mutu alirudisha pesa yake mufukoni. Hata kuku ilibaki.

Na mimi nikasema ndiyo. Hapo ndipo mambo yako yanaanza. Ile neno ndiyo ilikuwa yako kusema, nikaisema na mudomo yangu. Ilitoka laini kabisa.

Sikukuambia uliporudi kutoka Kyarumba. Nilisema pesa ya mwalimu imepatikana, ukafurahi, nikaona sina sababu ya kuharibu. Nilipanga kukuambia siku ingine, na siku ingine haina mwenyewe. Leo mke wa Bwambale akaja kukuaga, akakupatia mayai ya safari, akasema yule mudogo wa Baluku amejitayarisha, wanakungoja Krismasi. Ukageuka ukaniangalia. Kwa hiyo ulisikia kwa mwingine mambo yako. Na ukasema afadhali uanguke na vitabu yako kuliko kusimama na deni ya watu, na kwa huyo mama mwalimu hutakanyaga.

Mama yako anasema ni kiburi. Mimi siwezi kusema hivyo, na nitakuambia kwa nini, halafu nimalize, mukono imechoka.

Baba yangu alikuwa mutu ya kahawa kule Kyarumba, unajua. Mwaka ingine kahawa ilioza na mvua, na alikuwa amechukua pesa ya mufanyabiashara ya Kasese mbele ya mavuno. Yule mufanyabiashara akapanda mulima kudai. Baba yangu akamukaribisha, akamupatia chai. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimesimama kwa mulango na daftari. Mufanyabiashara akaniangalia mabega, akauliza kama huyu kijana anaweza kubeba. Baba yangu akasema ndiyo. Hakuniangalia, na hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na watoto wengi na kahawa imeoza, akapata jibu, akaitumia. Kesho yake nilishuka na mufuko kwa kichwa kulipa ile deni, na shule ikabaki kule juu. Ile kazi ndiyo ilinifundisha soko, soko ikanifundisha mudomo, mudomo imewalisha nyinyi yote. Siwezi kusema nilipata hasara. Lakini mpaka leo sijui mimi ningejibu nini kama angeniuliza. Nimejaribu kujijibu mara mingi, na siwezi, juu yule kijana aliyekuwa kwa mulango hayuko tena wa kuulizwa.

Wewe uko. Hiyo ndiyo tofauti naona.

Kwa hiyo uliposukuma chakula na kuingia ndani, nilitoka nikaenda kwa Bwambale. Alikuwa anapanga pikipiki zake ndani ya ua, na Baluku anaosha moja. Nikamwambia msichana hajasema ndiyo. Aliyesema ni mimi, kwa hiyo deni ni yangu. Akaniuliza nitalipa na nini, maana pesa anajua sina. Nikamwambia mikutano yote ya harusi ya nyumba yake naongoza bure, mpaka nikose meno. Akauliza na Mama Furaha je, na wale wengine? Nikasema vile vile, hata Kasindi navuka. Akafikiri. Akasema basi nitakufa njaa, juu ni watu yenye watoto wengi. Halafu akamuita kijana wake. Alisema Baluku, leo hakusema Profesa. Akamwambia alete kiti, nikae. Mimi nikasema sikai, niko na barua ya kuandika.

Sasa sikia biashara, na hii nakuuliza wewe mwenyewe.

Deni ya mukutano nimeichukua, nimeweka mudomo yangu juu yake. Wewe hauna deni kwa mutu yoyote hapa Bwera. Upande yako ni hii: uende kwa mama mwalimu muhula moja nzima, kila wiki, bila kukosa. Sisemi ufaulu. Nasema uende. Ukianza kuchoka ile ya hatari, yenye mutu anafunga sanduku, umwambie yeye kwanza kabla ya sanduku. Muhula ikiisha na useme haisaidii, acha, sitakuuliza na mama yako nitamushika mimi. Likizo ukija, ukitaka kukaa na hao watoto, kaa nao. Usipotaka, kula, lala, uangalie mawe yako, urudi Kampala. Nimewaambia hakuna mutu atagonga mulango.

Hiyo ni bei yangu ya kwanza. Na wewe umekulia Mpondwe, unajua bei ya kwanza haikubaliwi na mutu mwenye akili. Labda muhula unaona ni mingi. Labda unataka kitu juu yake, hata niache kukutaja kwa mikutano yangu kabisa, na hiyo itaniuma lakini nitafikiri. Punguza. Ongeza upande yangu. Nitusi kidogo, ndiyo soko. Lakini kesho pale gari, kabla haujapanda, uniambie yako, hata kama ni mbaya, hata kama ni ya kunifilisi. Miaka hii yote sokoni nimeogopa mununuzi moja tu: yule anashika kitu, anaigeuza, anairudisha chini taratibu, na anaenda zake bila kutaja bei.